Kutoka .zr hadi .cd: namna anwani ya tovuti inavyoweza kupoteza watu

Tarehe 17 mwezi wa tano mwaka 1997, waasi wa AFDL waliingia Kinshasa, na jina Zaïre likafutwa. Kwenye mtandao pia jina lilibadilika. Anwani za nchi zilizokuwa zikiishia kwa .zr zilipewa herufi mpya, .cd. Mwaka 2001, .zr iliondolewa kabisa. Aliyekuwa ameandika anwani ya zamani katika daftari lake hakufika tena popote.

Majina hayo yalitokana na kazi ya Mmarekani Paul Mockapetris, ambaye mwaka 1983 alibuni mfumo wa kuwaondolea watu shida ya kukariri nambari za kompyuta. Baadaye Mwingereza Tim Berners-Lee, akifanya kazi Geneva, alianzisha wavuti. Katika anwani zake, jina la tovuti hutangulia, kisha mkwaju, kisha njia ya kufikia ukurasa.

Tangu hapo, kila mwenye tovuti hujiuliza: sehemu za habari zipangwe namna gani? Tovuti za Kiswahili zinaonyesha njia tatu. Sauti ya Amerika ilichagua jina la pekee, voaswahili.com. Jina kama hilo hulipiwa kila mwaka, na likisahauliwa mtu mwingine anaweza kulichukua. Wikipedia iliweka lugha mbele ya jina: sw.wikipedia.org. BBC iliiweka nyuma ya mkwaju: bbc.com/swahili. Anwani hii ni rahisi kutamka kwenye radio, kwa sababu msikilizaji anaongeza neno moja tu kwa jina analolijua. RFI ilianza na kiswahili.rfi.fr, na leo inatumia rfi.fr/sw.

Lakini hatari kubwa iko katika kubadilisha. Mwaka 1998, Berners-Lee aliandika kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika. Alishauri kuacha nje ya anwani mambo yanayopita, kama jina la mwandishi au mada.

Kongo inajua maana ya shauri hilo. Mwaka 2015, Katanga iligawanywa kuwa mikoa minne, na Province Orientale vilevile. Habari za Kalemie zikawa za Tanganyika, na zile za Bunia zikawa za Ituri. Tovuti iliyopanga habari zake kwa majina ya mikoa ilibaki na sehemu zenye majina yasiyokuwepo tena. Kuzifuta ni kupoteza habari za miaka mingi.

Dawa ipo. Ukurasa ukihamishwa, kompyuta inaweza kumjibu msomaji kwa nambari 301, maana yake: umehama moja kwa moja, na anwani mpya ni hii. Msomaji hupelekwa huko bila kujua. Kazi hiyo ni ya mwenye tovuti, naye anapaswa kuifanya kabla ya kufunga mlango wa zamani.

Familia iliyokimbia vita mara nyingi huondoka na simu moja na anwani chache zilizosikika kwenye radio au kutumwa na ndugu. Ikiwa orodha ya watoto wanaotafutwa imehamishiwa sehemu nyingine ya tovuti bila alama yoyote, mzazi anayefungua anwani ile atadhani orodha haipo tena. Afadhali anwani fupi, ya maneno ya kawaida, itakayodumu hata mikoa ikibadilishwa majina.