Willy Gamba: Tarehe Fupi ya Jasusi Wetu

Sisi wasomaji wakongwe wa Kizota, tuliomfahamu Willy Gamba wakati Dodoma yetu ilipokuwa ndiyo kwanza imetangazwa makao makuu, tumeona ni wajibu, sasa nusu karne imepita tangu mwaka 1974 East African Literature Bureau ilipotoa riwaya ya Kufa na Kupona, kuandika tarehe yake kwa ufupi na kwa shukrani. Marehemu Aristablus Elvis Musiba, mwandishi wa riwaya hiyo, alituletea hidaya ambayo hatukuitarajia.

Wajuzi wa sinema walikwisha kumwona James Bond tangu Dr. No ya mwaka 1962, na hapana shaka Willy amerithi kwake bastola, mavazi nadhifu na udhaifu mbele ya warembo; lakini Bond alimtumikia Malkia, ilhali Willy alitumwa kwa ajili ya Afrika nzima, kwa kuwa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na nyaraka za siri za wapigania uhuru ndizo zilizomtoa nyumbani kwenda kuzisaka Nairobi. Msumbiji ilikuwa bado chini ya Mreno. Kwa hiyo mtu aliyekisoma kitabu kile usiku kwa kibatari hakuwa akijiburudisha tu. Alikuwa vitani, na nakala moja ilipita mikono mingi hata jalada likasahaulika lilikuwa la rangi gani.

Kikosi cha Kisasi (1979) kikamfikisha Kinshasa, nami hukihesabu kuwa kilele cha safari zake zote, wabishi na wabishe. Njama (1981) ikamrejesha Dar es Salaam. Ya miaka iliyofuata si haja kuyaeleza kwa tafsili: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya umefungwa, karatasi imekuwa adimu, na Willy naye akapumzika kidogo.

Hofu ikatoka 1988; Uchu, 2000. Musiba akawa pia rais wa TCCIA, chama cha wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima. Mwandishi mwenzake Ben Mtobwa, baba wa mpelelezi wa riwaya Joram Kiango, ambaye naye anastahili tarehe yake, alifariki 2008, Musiba, 2010. Siku hizi Willy husomwa katika simu, kipande kwa kipande, desturi nisiyoipenda hata chembe, ingawa wajukuu wetu wamemjua kwa njia hiyo hiyo.