Vita vya mezani: dadu, jedwali na refa

Mchezaji wa bao akishindwa hana wa kumlaumu. Kete zote ziko wazi na bahati haina nafasi. Vita vya kweli haviko hivyo: kamanda hamwoni adui, ujumbe unachelewa, risasi inakosa. Sasa ndugu msomaji, utaviandikiaje vita sheria za kuchezwa mezani? Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na swali hili limenivutia kwa sababu waliolijibu kwanza hawakuwa na kompyuta.

Tuanze Prussia, mwaka wa 1824. Luteni wa mizinga aitwaye Georg von Reisswitz alichapisha sheria za Kriegsspiel, yaani mchezo wa vita. Baba yake alikuwa amemtengenezea mfalme meza ya mchezo kama huo mwaka wa 1812. Kijana akaiacha meza, akatumia ramani ya kipimo cha 1:8000. Zamu moja ilikuwa sawa na dakika mbili za vita. Wachezaji hawakusogeza vikosi wenyewe. Walimwandikia refa amri zao, naye akaweka kwenye ramani vile tu ambavyo kila upande ungeweza kuviona. Askari wakifyatuliana risasi, refa alirusha dadu kisha akasoma kwenye jedwali ni wangapi wameanguka.

Hebu tazama vizuri: kuna data inayoingia, kuna hali ya mchezo iliyohifadhiwa, kuna namba za bahati nasibu, na kuna matokeo. Hiyo ni programu kamili, ila inaendeshwa na binadamu.

Tatizo likawa lile tunalolijua sote. Sheria ziliongezeka na mchezo ukawa mzito. Mwaka wa 1876 Jenerali Julius von Verdy du Vernois akapendekeza dadu na majedwali yawekwe kando, refa aamue kwa uzoefu wake. Mchezo ukaenda mbio, lakini sasa kila kitu kilimtegemea mtu mmoja.

Hatari ya kumtegemea mtu mmoja ilionekana Japani. Mwezi wa Mei 1942, maofisa walicheza mpango wa kuvamia Midway wakiwa ndani ya manowari Yamato. Kwa mujibu wa Mitsuo Fuchida, ofisa wa wanamaji aliyeandika habari hizo baada ya vita, dadu zilionyesha kwamba ndege za Marekani zimepiga shabaha mara tisa, na meli mbili za kubeba ndege, Akagi na Kaga, zimezama. Admeri Matome Ugaki, aliyesimamia mchezo, akapunguza tisa kuwa tatu. Akagi ikapona. Kaga ikahesabiwa imezama, halafu ikarudi katika mchezo uliofuata. Mwezi wa Juni Japani ilipoteza meli nne za kubeba ndege huko Midway, na Akagi na Kaga zilikuwa miongoni mwao. Dadu si mganga, haikutabiri kitu. Lakini ilikuwa imewaonyesha kwamba jambo hilo linawezekana, na aliyekuwa na cheo akalifuta.

Wachezaji wa kawaida walipita njia nyingine. Mwandishi H. G. Wells alitoa Little Wars mwaka wa 1913, ambamo mizinga ya kuchezea ilifyatua kweli na kuangusha vijisanamu vya askari. Mwaka wa 1983 ikaja Warhammer kutoka Uingereza. Hapa watu wawili wasiojuana wanaweza kukutana na kucheza bila refa, kwa hivyo sheria lazima zijitosheleze. Kila askari ana bei ya pointi. Mkikubaliana pointi 2,000, kila mmoja ananunua jeshi lake kwa kiasi hicho.

Kupigana nako ni hesabu ya hatua tatu: kupiga, kujeruhi, na ngao kuzuia. Tuseme unapiga kwa 3 kwenda juu, unajeruhi kwa 4 kwenda juu, na adui anajikinga kwa 5 kwenda juu. Nafasi yako ni 4/6 mara 3/6 mara 4/6, yaani 2/9. Mashambulizi 18 yataua wanne kwa wastani.

Bei hukosewa pia. Askari hodari akiuzwa rahisi, kila mtu atamjaza kwenye jeshi lake. Ndipo watengenezaji wanapotoa bei mpya, kama sisi tunavyotoa viraka vya programu.

Hapo ndipo ninapoupendelea mfumo wa pointi. Sheria mbovu iko kwenye karatasi, kila mtu anaiona na inaweza kurekebishwa. Refa bado anahitajika, maana hakuna jedwali linalojua yote. Lakini anapobadilisha matokeo, na aandike alichobadilisha na sababu yake, kama vile tunavyodai kwa kila badiliko la kodi. Je, mfumo unaoutumia kazini kwako unaandika nani amebadilisha nini?