MRI katika uchunguzi wa saratani ya tezi dume

MRI ya tezi dume ni kipimo cha picha kinachotumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio ili kuonyesha tezi dume na viungo vinavyoizunguka, hasa kwa lengo la kutafuta saratani. Tofauti na eksirei na CT, kipimo hiki hakitumii mionzi. Nchini Uingereza kimependekezwa tangu mwaka 2019 kuwa kipimo cha kwanza kwa mwanamume anayeshukiwa kuwa na saratani ambayo bado haijasambaa, kabla hajachomwa sindano ya kuchukua kinyama (biopsi). Katika Afrika ya Mashariki mashine za MRI ziko zaidi katika hospitali kubwa za mijini. Kwa wakazi wa maeneo kama wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, Tanzania, uchunguzi huanza na kipimo cha damu na kidole cha daktari.

Tezi dume na matatizo yake

Tezi dume ni kiungo cha mwanamume kilicho chini ya kibofu cha mkojo, na mrija wa mkojo hupita katikati yake. Kwa kawaida hukua kadiri umri unavyoongezeka, hivyo wazee wengi hukojoa kwa shida, mkojo hukatikakatika, au huamka mara nyingi usiku. Ukuaji huo wa kawaida si saratani. Saratani nayo huanzia mara nyingi pembeni mwa tezi, mbali na mrija, kwa hiyo inaweza kukaa miaka bila dalili yoyote. Inaposambaa hupenda kuingia kwenye mifupa. Mgonjwa huja akilalamikia mgongo au nyonga, pengine miguu imeanza kufa ganzi, na hapo tiba ya kuponya kabisa huwa imeshapita.

Kipimo cha damu hupima protini iitwayo PSA, inayotengenezwa na tezi dume yenyewe. PSA hupanda kwa saratani, lakini hupanda pia kwa maambukizi na kwa ukuaji wa kawaida wa tezi. Ndiyo sababu kwa miongo mingi kila mwenye PSA ya juu alipelekwa kwenye biopsi: daktari aliingiza kifaa cha ultrasaundi kupitia njia ya haja kubwa na kuchoma sindano kumi hadi kumi na mbili akizisambaza ndani ya tezi. Ultrasaundi ilimwonyesha tezi iko wapi, lakini mara nyingi haikumwonyesha saratani iko wapi. Sindano iliweza kupita kando ya uvimbe hatari, au kuangukia kauvimbe kadogo ambako kasingemdhuru mgonjwa maisha yake yote, naye akatibiwa bure na kubaki na madhara ya tiba: kushindwa kuzuia mkojo na kupungukiwa nguvu za kiume.

Jinsi kipimo kinavyofanyika

Mgonjwa hulala ndani ya mashine yenye umbo la bomba. Mashine za hospitali huwa na nguvu ya tesla 1.5 au 3, yaani makumi ya maelfu ya mara ya sumaku ya dunia. Sumaku hiyo hupanga viini vya haidrojeni vilivyomo katika maji ya mwili, mawimbi ya redio huvivuruga, na vinaporudi katika mpangilio hutoa ishara ambayo kompyuta huigeuza kuwa picha. Kwa kuendeleza mbinu hiyo, Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2003.

Kwa tezi dume hutumika aina tatu za picha kwa pamoja. Ya kwanza huonyesha umbo la tezi. Ya pili hupima jinsi maji yanavyosambaa kati ya seli: kwenye saratani seli zimesongamana, maji hayapiti kwa urahisi, na eneo hilo hujitokeza wazi. Ya tatu hupigwa baada ya kudunga dawa ya gadolini kwenye mshipa ili kuona damu inavyoingia. Mtaalamu wa radiolojia huyapa maeneo yenye shaka alama kuanzia 1 hadi 5 kwa mfumo uitwao PI-RADS, uliotokana na mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2012 ambao mwandishi wake wa kwanza alikuwa Jelle Barentsz wa Nijmegen, Uholanzi.

Kabla ya kuingia, mgonjwa huulizwa kama ana kifaa cha kusaidia moyo au chuma mwilini. Swali hili si la kupita tu. Mtu aliyefanya kazi ya kuchomelea au kukata vyuma anaweza kuwa na chembe ya chuma jichoni bila kujua, na sumaku huweza kuisogeza.

Utafiti wa PROMIS na uliofuata

Hoja kwamba MRI itangulie biopsi ilipata nguvu kutokana na utafiti wa PROMIS, ambao matokeo yake yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2017, mwandishi wa kwanza akiwa daktari mpasuaji Hashim Ahmed. Wanaume 576 katika vituo 11 vya Uingereza walifanyiwa MRI, kisha biopsi ya kawaida, na pia biopsi ya kina iliyochukua vinyama katika tezi nzima kila baada ya milimita 5. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa mizani ya kupimia nyingine mbili. Kati ya kila wanaume 100 wenye saratani hatari, MRI iliwatilia shaka 93, ilhali biopsi ya kawaida iliwagundua 48 tu. Kwa maneno mengine, kipimo kilichotegemewa kwa miongo mingi kiliwakosa zaidi ya nusu. Watafiti walikadiria kuwa robo ya wanaume (asilimia 27) wangeweza kuepuka biopsi.

MRI nayo ina udhaifu wake. Katika utafiti huohuo, kati ya kila wanaume 100 wasio na saratani hatari iliwaondolea shaka 41 tu. Waliobaki bado walihitaji sindano. Kwa hiyo MRI haithibitishi saratani. Kazi yake ni kuonyesha nani achomwe, na sindano ielekezwe wapi.

Mwaka 2018 utafiti wa PRECISION, ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha London (UCL) na Veeru Kasivisvanathan na wenzake, uliwagawa wanaume 500 wa nchi 11 katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Saratani hatari ilipatikana kwa asilimia 38 ya walioanza na MRI na asilimia 26 ya waliopewa biopsi ya kawaida. Saratani zisizo na madhara zilipungua kutoka asilimia 22 hadi 9.

Kwa nchi zenye mashine chache, utafiti muhimu zaidi huenda ni PRIME wa mwaka 2025. Ulilinganisha picha zote tatu na picha mbili tu, bila gadolini, kwa wanaume 490 wa nchi 12. Saratani hatari zilizopatikana zilikuwa sawa, takriban asilimia 29 kwa njia zote mbili. Bila dawa hiyo kipimo huchukua kama dakika 15 hadi 20 badala ya 30 hadi 40. Mashine moja inaweza kuhudumia wagonjwa wengi zaidi kwa siku, na gharama ya dawa hupungua.

Sehemu kubwa ya tafiti hizi imefanyika Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ingawa wanaume wenye asili ya Afrika ndio wenye hatari kubwa zaidi: nchini Uingereza mmoja kati ya wanne hugunduliwa kuwa na ugonjwa huu maishani, dhidi ya mmoja kati ya wanane kwa wanaume wote. Utafiti wa TRANSFORM, uliotangazwa nchini humo mwaka 2023, umepanga kuwa angalau mmoja kati ya kila wanaume kumi wanaoalikwa awe mweusi.

Tarime, Serengeti na Kanda ya Ziwa

Mgonjwa wa Sirari, Nyamongo au Mugumu huanzia zahanati au hospitali ya wilaya, na akihitaji zaidi hupewa rufaa kwenda Musoma, kisha Hospitali ya Rufaa ya Bugando mjini Mwanza, inayohudumia Kanda ya Ziwa. Hospitali ya Taifa Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road ziko Dar es Salaam, ng'ambo ya pili ya nchi. Kila hatua ina nauli, malazi na ndugu wa kumsindikiza, na mara nyingi ng'ombe huuzwa kabla safari haijaanza.

Kikwazo kingine ni aibu. Kipimo cha kidole huzungumzwa kwa utani na kwa hofu, na mzee huona afadhali avumilie, au atumie mitishamba akidhani ni uzee. Madaktari wa Tanzania wamekuwa wakisisitiza kuwa uchunguzi unaweza kuanza na damu.

Anayechelewa hutibiwa kwa kupunguza homoni za kiume, ama kwa sindano za mara kwa mara ama kwa upasuaji wa kuondoa korodani. Njia zote mbili zinatokana na ugunduzi wa Charles Huggins na Clarence Hodges wa mwaka 1941. Upasuaji hufanyika mara moja na ni nafuu kuliko sindano za miaka, kwa hiyo mwenye kipato kidogo hujikuta hana uchaguzi halisi. Kwa mgonjwa wa aina hii, ambaye PSA iko juu sana na mifupa imeshashambuliwa, MRI ya tezi haiongezi mengi. Faida yake iko kwa mwanamume wa miaka 50 au 60 aliyepima mapema.

Mashine nafuu zaidi zinafanyiwa majaribio katika kanda hii. Mwaka 2022 katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, Johnes Obungoloch na wenzake kutoka Uholanzi waliunganisha papo hapo mashine ya MRI yenye nguvu ya tesla 0.05. Imekusudiwa kupiga picha za vichwa vya watoto wenye maji kichwani, na sumaku yake ni dhaifu mno kwa tezi dume.