Tunawahukumu Makipa Vibaya, na Mimi ni Mmoja Wao

Nianze kwa kukiri. Mwaka juzi, kwenye uwanja wetu wa mchanga hapa Kipungani, kipa wetu alipitishwa mpira katikati ya miguu dakika za mwisho. Tukafungwa. Mimi nilikuwa na simu. Nikakata sekunde 12, nikaweka muziki wa kuchekesha, nikaposti. Kufika Ijumaa, mpaka vijana wa Amu na Shela walikuwa wanamwita "Geti Wazi". Hakurudi golini tena. Mipira aliyookoa kipindi cha kwanza ninayo kwenye simu hadi leo. Hiyo sikuposti.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma historia ya makipa, na jibu nimelipata pahali pa ajabu: hoki ya barafu. Msicheke. Barafu tunayo Kenya, pale hoteli ya Panari, Nairobi, tangu 2005. Tena timu ya Ice Lions ilialikwa Canada mwaka 2018, ikacheza na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon wakiwa upande wao. Lakini hadithi yenyewe ni ya zamani zaidi.

Ligi ya NHL ilianza 1917. Wakati huo kipa hakuruhusiwi kuanguka ili azuie paki, kile kisahani kigumu cha mpira. Alitakiwa asimame wima kama boriti, akilala, adhabu. Clint Benedict wa Ottawa akawa anajifanya ameteleza, mara leo, mara kesho, mpaka wakamtania ati anasali. Januari 1918 ligi ikanyoosha mikono, ikabadilisha sheria. Siku hizi makipa wanapiga magoti na kutandaza miguu pande zote mbili, mtindo wa kipepeo. Yaani kilichokuwa kosa ndicho wanachofundishwa watoto.

Halafu kuna Jacques Plante wa Montreal. Tarehe 1 Novemba 1959, huko New York, shuti la Andy Bathgate lilimpasua uso. Akashonwa, akarudi amevaa kinyago ambacho kocha wake hakukitaka. Wako walioona ni uoga. Montreal ikashinda 3–1. Leo nani anasimama golini bila kinyago?

Sasa sikizeni hii. Tuzo ya Vezina, inayotolewa tangu miaka ya 1920, kwa zaidi ya nusu karne ilienda kwa makipa wa timu iliyofungwa magoli machache zaidi. Ukiwa na mabeki wakali, unabeba. Ni kuanzia msimu wa 1981–82 ndipo mameneja wa timu walipoanza kupiga kura kumchagua kipa mwenyewe.

Hesabu yake ni rahisi. Kipa amepigiwa mashuti 40, akafungwa 3: ameokoa asilimia 92.5. Mwenzake amepigiwa 8, akafungwa 1: asilimia 87.5. Sisi tungemsifu nani? Si yule wa goli moja!

Miaka hiyo hiyo, huku kwetu kulikuwa na Mahmoud Abbas, "Kenya One". Kenya ilichukua Kombe la Chalenji mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Fainali ya 1982 ilikuwa Kampala, tukashinda kwa penalti 5–3. Watu wanakumbuka penalti. Lakini kabla ya penalti mechi ilikwisha 1–1, Uganda wakiwa nyumbani kwao na mashabiki wao. Kazi hiyo ya kuwabana kwa goli moja ndiyo hatuihadithii.

Kwa hivyo mimi siku hizi nauliza mambo matatu. Kipa alisimama wapi kabla ya shuti? Aliuona mpira? Na alipouzuia, aliutema kwa adui ama aliupeleka pembeni?

Nikairudia ile klipu yangu polepole. Beki wetu alikuwa amemziba mbele, na mpira ukagonga bonde la mchanga ukabadilisha njia. Sekunde 12, na makosa mawili si yake.

Nimeifuta. Juzi nikamtumia mipira yake ya kipindi cha kwanza, yote tisa, nikamuomba radhi, nikamuuliza kama naweza kuiposti. Akajibu neno moja: "Ngoja."

Nangoja.