Miaka 40 ya Miami: Jinsi milimita 9 ilivyosingiziwa

Aprili mwaka huu imetimia miaka 40 tangu makachero wa FBI Benjamin Grogan na Jerry Dove wauawe kusini mwa Miami. Vifo vyao viliwasukuma polisi wa Marekani kwenye ubishi wa takribani miaka 30: bastola itumie risasi ya ukubwa gani?

Ubishi wenyewe ni mkongwe. Georg Luger wa Austria alibuni risasi ya milimita 9 mwanzoni mwa miaka ya 1900. Jeshi la Marekani, baada ya risasi zake za ukubwa wa .38 (kwa inchi) kushindwa kuwazuia wapiganaji wa Kimoro huko Ufilipino, lilichukua .45 ya John Browning mwaka 1911, kisha likahamia milimita 9 mwaka 1985.

Mwaka uliofuata, Aprili 11, makachero wanane wa FBI waliwazingira majambazi wawili wa benki, Michael Platt na William Matix. Platt alikuwa na bunduki aina ya Ruger Mini-14; wengi wa makachero walikuwa na bastola tu. Alipokuwa akitoka kwa kupenya dirisha la gari, risasi ya Dove ya milimita 9 ilimtoboa mkono wa kulia, ikaingia kifuani, ikatoboa pafu na kukwama takribani sentimita 2.5 kabla ya moyo. Jeraha hilo lilikuwa la kumuua, lakini si papo hapo. Platt aliendelea kupiga, akawaua Grogan na Dove. Kachero mwenzao Edmundo Mireles, mkono wake wa kushoto ukiwa umevunjwavunjwa na risasi, aliikoki shotgani kwa mkono mmoja, kisha akawasogelea majambazi na bastola na kuwamaliza. Uchunguzi haukukuta dawa za kulevya katika miili ya majambazi hao.

Lawama ikaangukia risasi ya Dove. Ripoti ya FBI ya mwaka 1989, iliyoandikwa na Urey Patrick, ilisisitiza kina: risasi ipenye angalau inchi 12, yaani sentimita 30. Hoja hiyo ilikuwa sahihi, lakini tiba ikazidi ugonjwa. FBI ilichukua milimita 10, ikaona inarusha mkono mno, ikaipunguzia nguvu. Smith & Wesson na Winchester wakabaini kwamba nguvu hiyo inatosha kwenye ganda fupi zaidi, na mwaka 1990 wakatoa .40. Polisi wengi wakaikimbilia.

Hapo ndipo uimara uliposahaulika, na hili linaniuma. Bastola nyingi za .40 zilijengwa juu ya umbo la milimita 9. Kila risasi ilisukuma slaidi nyuma kwa nguvu zaidi. Springi zikachoka na vipuri vikachakaa mapema. Askari mwenye mkono mdogo alipewa silaha iliyomshinda, kisha akaambiwa hajui kulenga.

Mwaka 2014 FBI yenyewe ikakiri kwa maandishi: kwa risasi za kisasa, majeraha ya milimita 9, .40 na .45 hayatofautiani kwa kiasi cha maana, huku milimita 9 ikibeba risasi nyingi zaidi, ikilengeka upesi na kutochosha bastola. Jeshi la Marekani likabaki na milimita 9 lilipochagua bastola mpya mwaka 2017.

Kilichoboreshwa ni muundo wa risasi, si unene wake, na kazi hiyo ilizaliwa Miami. Kipimo cha sentimita 30 ndani ya jeli ya majaribio bado kinatumika kuchuja risasi za polisi. Wanunuzi wa silaha za umma wanaoanza kwa kuuliza unene waanze na kipimo hicho, kisha waulize springi hubadilishwa baada ya risasi ngapi.