Vyuma vya Kale katika Njia ya Misafara

Kila masika mto Igombe na vijito vya Unyanyembe hula kingo zake, na maji yakiisha kupungua huonekana vyuma ambavyo watu huviokota wasijue ni vitu gani. Wengine huvipeleka kwa mhunzi vikafuliwe visu. Wengine huviuza kwa mizani pamoja na chuma chakavu. Twaona vema kuwaeleza walimu na wasomaji wetu namna ya kuvitambua, maana habari za nchi hii hazikuandikwa zote vitabuni.

Kwanza ni jembe. Jembe la kale lina umbo la moyo, na nyuma lina mkia uliopenyezwa katika kichwa cha mpini. Likiwa na pete ya kutilia mpini, hilo ni la dukani, la siku za baadaye. Majembe ya kale yalifuliwa hasa na Wasumbwa na Warongo, waliovukuta matanuru upande wa kaskazini-magharibi. Watu waliyalimia, tena waliyatoa kuwa mahari na bei ya vitu. Basi aliyeokota jembe la namna hiyo ameokota zana na fedha pamoja. Na mkiona mavi ya chuma, yale mabonge mazito yenye vitundu, kando ya vipande vya mirija ya udongo, jueni hapo palikuwa na tanuru. Tafadhali msipachimbe.

Waya wenye kutu ya kijani si chuma, ni shaba. Ni masango yaliyotoka pwani pamoja na nguo na shanga. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi wa Novemba 1857, biashara hiyo ilikuwa imekwisha kukomaa. Wahunzi waliuvuta waya uwe mwembamba, wakafanya sambo za kuvaa miguuni.

Sarafu ya heller yenye mwaka 1916 na herufi T ni ya Tabora yenyewe. Wajerumani waliipiga katika karakana ya reli wakati wa vita, kabla Wabelgiji hawajauteka mji tarehe 19 Septemba 1916. Lakini risasi na mizinga ya vita hiyo isiguswe kamwe, aitwe polisi.

Sasa mnyororo. Hapa watu ni wepesi mno wa kusema, “Huu ni wa watumwa.” Mnyororo mtupu waweza kuwa wa kuburutia magogo, au wa reli iliyofika Tabora mwaka 1912. Hata wenye pete za shingoni haujatosha kuwa ushahidi, kwa kuwa Wajerumani nao waliwafunga wafungwa wao hivyo hivyo. Kwa hiyo usisuguliwe wala kunyoshwa. Mwalimu aandike kwanza mahali ulipoonekana, kina chake, na vitu vilivyolala karibu nao, kisha awaulize wazee faraghani, si mbele ya umati. Utumwa ulifutwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922, na wajukuu wa waliofungwa na wa waliofunga huketi kanisani benchi moja.