Aliyefika Ujiji mara tatu

Sidi Mubarak Bombay aliingia Ujiji, mji wa Kigoma, mara tatu. Februari 1858 alikuja na Burton na Speke, wasafiri Waingereza waliokuwa Wazungu wa kwanza kuliona Ziwa Tanganyika. Mwaka 1871 alirudi akiwa nahodha wa msafara wa mwandishi wa habari Stanley, aliyekuwa akimtafuta mmisionari Livingstone. Februari 1874 akafika tena, safari hiyo na Mwingereza Cameron, kisha akasonga naye mbele kwa miguu hadi pwani ya Atlantiki. Alikuwa Myao aliyetiwa utumwani angali mtoto, akapelekwa India, akarejea Zanzibar mtu mzima na huru. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa nishani ya fedha, na baadaye pensheni. Lakini kwa miaka mingi mgeni aliyeingia Makumbusho ya Livingstone pale Ujiji alioneshwa sanamu mbili tu, Livingstone na Stanley, kila mmoja akivua kofia yake, wakisalimiana.

Nje ya jengo kuna mnara wa mawe wa enzi za Waingereza, wenye ramani ya Afrika iliyokatwa kwa msalaba. Mwembe waliokutania chini yake wawili hao ulikufa zamani. Iliyopo sasa huelezwa kuwa ni miche iliyotokana nao. Mgeni hushangaa kwamba ziwa liko mbali na mahali penyewe. Siku zile maji yalikuwa juu sana. Mwishoni mwa miaka ya 1870 mto Lukuga, upande wa Kongo, ulizibuka, ziwa likaanza kushuka, na ufuko ukaihama Ujiji.

Stanley aliandika kwamba walikutana tarehe 10 Novemba 1871, ingawa wapo wanahistoria wanaosema hesabu yake ya siku ilikuwa imepotea njiani na kwamba siku yenyewe ilikuwa mapema zaidi. Maneno maarufu ya salamu yake, “Daktari Livingstone, nadhani?”, nayo yana shaka. Shajara yake imehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji, na kurasa zinazohusu mkutano huo zimenyofolewa. Anachokieleza mwenyewe bila kusita ni kwamba wa kwanza kumlaki hakuwa Livingstone. Alikuwa Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyetoka mbio kwenye kundi la watu na kumwamkia kwa Kiingereza. Miaka miwili baadaye Susi huyohuyo, pamoja na James Chuma na wenzao, waliubeba mwili wa Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, hadi Bagamoyo. Ukazikwa London Aprili 1874.

Huyo Livingstone aliyelakiwa alikuwa amerudi mikono mitupu. Mali aliyotumiwa kutoka pwani ilikuwa imeshauzwa na mtu aliyekabidhiwa. Tena alikuwa ametoka Nyangwe, Umanyema, Kongo ya leo, ambako tarehe 15 Julai 1871 aliona watu wa misafara wakimimina risasi sokoni, wengi wa waliouawa wakiwa wanawake waliokuja kuuza na kununua. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mmea wa hukohuko. Maandishi hayo yalififia hata yakawa hayasomeki, mpaka mwaka 2011 wataalamu walipoyarudisha kwa picha za mwanga wa aina mbalimbali.

Nyangwe na Ujiji haziwezi kutenganishwa. Bunduki, pembe za ndovu na mateka vilipita njia moja. Wamanyema wengi waliletwa Ujiji mateka au walikuja kama wapagazi, wakasilimu, wakajiita waungwana, na vizazi vyao ndivyo vilivyoujenga mji huu. Hapo ndipo penye historia nzito kuliko kofia mbili zilizovuliwa. Mji ulikuwa na soko la kila siku lenye fedha yake, shanga fupi kama vipande vya kiko zilizoitwa sofi. Chumvi ililetwa kutoka chemchemi za Uvinza. Mitumbwi mikubwa ilichongwa kwa magogo ya Ugoma, ng'ambo ya ziwa, na wafanyabiashara wa pwani wakaleta matanga. Mkubwa wao alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, aliyekuja kuwa mwakilishi wa Sultani wa Zanzibar na kufariki mwaka 1885. Hao ndio wenyeji wa mkutano ule, na mimi naona ni dhuluma wakihesabiwa kuwa watazamaji tu.

Wengine wameshaanza kurekebisha. Makumbusho ya alikozaliwa Livingstone, Blantyre nchini Scotland, yalifunguliwa upya mwaka 2021 baada ya matengenezo makubwa, yakiwapa Susi na Chuma nafasi yao, na mwandishi Mzimbabwe Petina Gappah alishiriki kuisimulia hadithi hiyo upya. Hata ufundi wetu umepata heshima ugenini. Mwaka 1994 Wajerumani waliandaa maonesho makubwa ya uchongaji wa Tanzania, Berlin na Munich, na kitabu chake kikapewa jina la Kiswahili pamoja na la Kijerumani. New York ikafuata mwaka 2013 na maonesho yaliyoitwa Shangaa. Vinyago vya nchi yetu vimesafiri kuliko wengi wetu, na mtoto wa Kigoma ana haki ya kuona kazi za majirani zake Watongwe na Wabende karibu na kwao.

Fedha nyingi hazihitajiki ili kuanza hapa Ujiji. Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kimekuwa kikialika jamii moja baada ya nyingine kuja kujionesha yenyewe, kwa ngoma, chakula na ufundi wake. Ujiji inaweza kufanya hivyo kwa Wajiji, Waha, Wamanyema na Wabembe bila kumsafirisha mtu mbali. Uvinza bado inatoa chumvi. Mafundi wa mitumbwi wapo ufukweni. Wazee waliosikia kwa babu zao nani aliletwa na msafara gani wanazidi kupungua, na kinasa sauti ni cha bei nafuu. Sanamu ya Bombay ichongwe hapahapa Kigoma, iwekwe kati ya zile mbili.